Bahasha ya Kumi na Tatu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
14 Januari 2024

Binamu Uwesu, mwalimu mstaafu, mla chaki,

Natumaini u mzima, maana watu wabaya hawaugui. Mimi sijambo. Shikamoo yangu bado naidai. Nimekuzidi miaka miwili, na mpaka leo tumeota mvi wewe unang'ang'ania kwamba mtoto wa shangazi haamkiwi, anataniwa tu. Msalimie wifi yangu Sitara, umwambie goti lake lingepona zamani kama asingekuwa na mzigo wa kukubeba wewe.

Huku ni joto na vumbi la saruji. Soko lililoungua bado limezungushiwa mabati, wafanyabiashara wamemwagika mitaani, na chini ya ngazi yangu kuna mtu anauza mabegi kwa kipaza sauti tangu saa moja asubuhi. Ummy alihamia kwangu mwezi wa kumi na mbili. Anasema kodi ya Magomeni imepanda. Sikumuuliza sana, mtoto wa kike akirudi kwa mama yake na masufuria, unampisha jikoni.

Sasa jambo lenyewe. Nina kurasa mia na arobaini za kitabu cha kumi na tatu. Koplo Sikudhani anachunguza kifo cha bibi mmoja mtunga majina ya kanga, aliyekutwa stoo Mtaa wa Mchikichi, amefunikwa doti ambazo maneno yake aliyatunga mwenyewe. Wanaoshukiwa ni watatu: mumewe, mwagizaji wa kanga, na mwanafunzi wake wa kike. Nimefika mahali ambapo Sikudhani amesimama mlangoni kumkamata mmoja wao.

Utaratibu wangu unaujua. Tangu kitabu cha kwanza, mwaka themanini na tisa, kabla sijaandika mstari mmoja naandika jina la muuaji na sababu yake kwenye karatasi, naifunga ndani ya bahasha, nakutumia wewe uitunze mpaka kitabu kitoke. Nilianza hivyo kwa sababu nina huruma mbaya na wauaji wangu. Nikifika katikati naanza kuwatetea, na bila bahasha hakuna hata mmoja ambaye angefungwa. Naomba unirudishie bahasha ya kumi na tatu. Mpe kondakta wa basi, Ummy ataifuata Mbagala. Usiifungue. Allen, mchapishaji wangu, anataka mswada baada ya Idi.

Usipige simu. Nikishakata simu maneno yanaondoka nayo. Barua inabaki mezani.

Binamu yako,
Sabaha


Lindi
2 Februari 2024

Sabaha mwenye kichwa cha dafu,

Barua yako imefika inanuka dagaa. Nilidhani kondakta ameiweka kwenye kapu la samaki, kisha nikakumbuka imetoka kwa nani. Hatujambo. Korosho mwaka huu zimekataa, na mimi nimeanza kufuga kuku, ambao wananiheshimu kuliko wanafunzi walivyowahi kuniheshimu. Shikamoo kadai kwa hao kuku.

Sitara amekwenda Nachingwea, shangazi yake amefariki, na ufunguo wa sanduku la bahasha anao yeye. Lakini hata angekuwepo nisingekupa. Masharti uliyaweka mwenyewe, mwaka ule ule mchapishaji wa kwanza alipokuambia hakuna Mswahili atakayemwamini mpelelezi mwanamke, ukamjibu kwamba wanawake ndio wanaojua nani katoka nyumba ya nani na saa ngapi. Uliniambia: hata nikilia, usinipe. Kitabu cha tano ulilia kweli, na sikukupa.

Ila siku zile ulilia kwa kuwa ulitaka kumbadilisha muuaji. Safari hii unaomba kama mtu asiyemjua. Niambie nimekosea. Na niambie Ummy amefuata nini huko, maana kodi ya Magomeni haiwezi kumpandia yeye peke yake.

Uwesu


Kariakoo
20 Februari 2024

Uwesu,

Mpe Sitara pole ya msiba. Shangazi yake namkumbuka, alinipikia boga la nazi mwaka nilipokuja huko kumtangaza Sikudhani na watu sita ndio waliofika.

Umestaafu ualimu ukaingia polisi. Haya, basi. Simjui muuaji. Siku moja mwezi wa kumi na moja niliamka nikasoma kurasa zangu kama mteja aliyeokota kitabu kwenye gunia pale Msimbazi, nami nikawa nasubiri kuambiwa ni nani. Nilisoma mpaka mwisho wa nilipoandika, nikakaa kitandani nimeshika karatasi, na hakuna aliyeniambia.

Ummy alinipeleka hospitali. Daktari kijana, mpole, alinitaka nichore saa. Nikachora. Akaiangalia, kisha akaanza kuongea na Ummy, na mimi nimekaa katikati yao na pochi mapajani. Hapo nilielewa kila kitu.

Wiki iliyopita nilishuka kununua kalamu Mtaa wa Kongo. Nimeupita mtaa ule maisha yangu yote, lakini nilisimama nisijue nyumbani ni upande gani. Nikamtolea mama mmoja muuza karanga kikaratasi chenye anwani yangu, ambacho Ummy amenilazimisha nitembee nacho tangu mwezi uliopita. Akakisoma, akanitazama kwa woga, akakitia kwenye sinia lake na kugeukia wateja wengine. Aliyenirudisha ni yule mtu wa mabegi, kwa kuwa ananijua sura. Nimekuwa nikimlaani kila asubuhi.

Sasa sikiliza. Nimeandika vitabu kumi na viwili. Nilikuwa karani wa kupiga chapa mahakamani, nikipiga hukumu za watu mchana na kumwandika Sikudhani usiku, na sijawahi kuacha kitabu njiani. Nikikiacha hiki, watu watajua kwa nini. Nataka kimoja tu zaidi, nikimalize na akili yangu mwenyewe, kisha yaje yanayokuja. Ukitaka ifungue bahasha, nakili, nitumie. Naogopa, binamu.

Sabaha


Lindi
9 Machi 2024

Dada yangu mpendwa Sabaha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe pamoja na Ummy. Sisi huku tu wazima. Sitara amerudi kutoka Nachingwea na anakusalimu sana.

Nimefungua sanduku. Kwa bahati mbaya mchwa wameiharibu bahasha, kwa hiyo nimenakili yaliyomo badala ya kuituma. Uliandika kwamba muuaji ni mwagizaji wa kanga. Bibi alitaka kumpelekea mwagizaji mwingine majina yake, na huyu akaona biashara yake itakufa. Alimkaba stoo siku ya kupakua mzigo, wakati vibarua wamekwenda kula.

Mungu akupe afya na wepesi wa kumaliza kazi yako. Usijichoshe, na chakula ule kwa wakati.

Mdogo wako akupendaye,
Uwesu


Kariakoo
28 Machi 2024

Uwesu,

Saumu ya mwaka huu ina joto. Ummy anapika futari ya watu kumi, tunakula wawili, zinazobaki anampelekea mtu wa mabegi, ambaye sasa ananiita mama.

Barua yako ilinifurahisha siku mbili. Niliandika kurasa sita, Sikudhani akamfunga pingu mwagizaji wa kanga, na nililala vizuri. Siku ya tatu nikaisoma barua tena.

Umenipa shikamoo. Hukunipa siku ya harusi yangu. Hukunipa nilipofiwa na mume wangu. Siku ile ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema marehemu sasa amepumzika na mdomo wangu, nikacheka nikiwa nimejitanda kanga ya msiba, na ni hicho tu kilichoniwezesha kusimama. Leo unaniita dada mpendwa, unaniombea afya, unaniambia nile kwa wakati. Hakuna hata tusi moja. Mtani akikuheshimu ujue ameona jambo.

Tena mwagizaji wako ameua kwa ajili ya biashara. Katika vitabu kumi na viwili, hebu nitajie mtu mmoja niliyemfanya aue kwa mali. Wangu wote waliua kwa aibu. Mwagizaji umemtunga wewe, na umemtunga kama mwalimu wa hisabati.

Nilizichana zile kurasa sita. Nataka kujua kilichomo ndani ya bahasha, hata kama ni karatasi tupu. Usinihurumie.

Sabaha


Lindi
19 Mei 2024

Sabaha,

Nimechelewa. Mvua zilikata barabara Somanga, mabasi yakalala njiani, watu wakateseka, na mimi nilishukuru moyoni kwamba barua haiwezi kupita. Mungu anisamehe. Lakini mwezi wote wa nne mabasi yalikuwa yanapita na bado sikuandika, kwa hiyo mvua nisiisingizie.

Hakuna mchwa. Bahasha ni nzima, na ndani yake hakuna muuaji. Kuna karatasi ya mwandiko wako, ya tarehe 3 Machi mwaka jana. Nainakili kama ilivyo:

"Naitwa Sabaha binti Shomari. Nakaa Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabegi. Nina mtoto mmoja, Ummy. Ukinikuta nimesimama sijui pa kwenda, tafadhali mpigie." Halafu namba ya Ummy, umeiandika mara mbili.

Kumbe si Ummy aliyekulazimisha kutembea na anwani. Ulikuwa unajua tangu mwaka jana, ukatunyamazia sote, na siku ulipoandika karatasi ya muuaji uliandika na hii, ukazichanganya. Yako ikaja kwangu. Ya muuaji ikabaki kwenye pochi yako, na ndiyo uliyompa yule mama wa karanga. Alitarajia kuona unakaa wapi, akasoma jina la mtu na jinsi alivyoua. Lazima aogope.

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na nne na sijawahi kulichukia jibu kama hili. Nililia uani, Sitara akadhani nimepigiwa simu ya msiba. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka wewe uione tarehe ile. Mtafute mama wa karanga. Huenda bado anacho.

Uwesu


Kariakoo
2 Juni 2024

Uwesu mla chaki,

Wazima huku. Mvua zimetulia, na mtaa wetu umebakiwa na matope meusi ambayo wauza viatu wanayatazama kwa uchungu. Goti la Sitara mpake mafuta ya karafuu.

Asante. Najua ilivyokugharimu, na nimekuchukia siku nne tu.

Nilikwenda na Ummy kumtafuta mama wa karanga. Tulimkuta kona ile ile, anaitwa Celina, mtu wa Masasi. Alinikumbuka. Alisema alidhani ninamshitaki mtu kwake, akaona hayo si ya kumhusu, na kesho yake karatasi ilipobaki kwenye sinia akaikunja akafungia karanga. Nikamuuliza jina. Alifikiri sana, masikini, akaniambia lilikuwepo jina na neno "alimuua", mengine hakusoma. Akanipa karanga za bure. Muuaji wangu ameliwa na mpita njia, Uwesu, na mimi nilicheka pale njiani mpaka Ummy akanishika mkono.

Karatasi iliyo kwako sikumbuki kuiandika. Ila nakumbuka ilikotoka. Kwenye hitima ya jirani, mwaka jana, nilimwita Ummy kwa jina la mama yangu mara tatu, na mara ya tatu aliitikia ili nisiaibike. Usiku ule nilijua. Nilinyamaza kwa aibu, ile ile ninayowapa wauaji wangu.

Allen alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti na kuniambia kuna mwandishi wa tamthilia za televisheni anaweza kumalizia, jina langu libaki juu. Nimekataa. Sikudhani atabaki amesimama pale mlangoni. Nimemlea miaka thelathini na tano, sitaki mtu mwingine amshike mkono aingie naye. Allen alisema sawa, akanywa chai, akaondoka. Ndivyo ilivyokwisha kazi yangu, saa kumi na nusu, siku ya Jumanne.

Nina ombi moja. Ipo siku nitakuandikia tena kuomba bahasha, kana kwamba hatujasemezana. Siku hiyo usinidanganye. Nimeishi kwa kuwatoa watu waongo ukweli, na sitaki kufa nikiwa wa kudanganywa. Niambie yote tena, hata nikilia. Niahidi.

Sabaha


Lindi
15 Juni 2024

Sabaha mwenye kichwa cha dafu,

Nimekuahidi.

Uwesu


Kariakoo
8 Septemba 2024

Binamu Uwesu, mwalimu mstaafu, mla chaki,

Natumaini u mzima, maana watu wabaya hawaugui. Mimi sijambo. Msalimie wifi yangu Sitara, goti lake lingepona zamani kama asingekuwa na mzigo wa kukubeba wewe. Ummy amehamia kwangu. Anasema kodi ya Magomeni imepanda.

Nina kurasa mia na arobaini za kitabu cha kumi na tatu. Sikudhani amesimama mlangoni kumkamata mtu. Ummy anasema sura hii nimeiandika mara tisa. Muongo, lakini kweli kuna karatasi nyingi mezani na mwandiko ni wangu. Naomba unirudishie bahasha. Nimeitafuta kichwani nikakosa, na sijui kwa nini nilichelewa kukuomba. Allen anataka mswada baada ya Idi.

Tafadhali fanya haraka. Siku hizi nikiamka nakuta jambo limeniuma na silijui, nazunguka nalo mpaka jioni. Nadhani ni hiki kitabu. Nikikimaliza litaondoka.

Usipige simu.

Binamu yako,
Sabaha


Lindi
30 Septemba 2024

Sabaha mwenye kichwa cha dafu,

Hatujambo. Kuku wangu wamefika thelathini, na jogoo mmoja ana sauti yako, nitamchinja Ijumaa. Shikamoo huipati mwaka huu wala ujao.

Bahasha nimeifungua, kwa kuwa najua usingekuwa na subira. Muuaji ni mwanafunzi. Bibi alimsahihisha mbele ya wateja dukani, akasoma kwa sauti maneno ambayo msichana alimtungia mama yake aliyekufa, akasema hayo hayafai hata kanga ya kubebea kuni. Watu wakacheka. Msichana alicheka nao. Alivumilia miezi saba, akawa anamchemshia bibi chai kila siku, kisha wakawa wawili tu stoo na bibi akayasoma tena maneno yale. Hakuchukua kitu. Alimfunika kwa doti vizuri, kama mtu aliyelala. Aliua kwa aibu, na pembeni umeandika kwamba unamhurumia. Kwa hiyo mkamate haraka kabla hujaanza kumtetea.

Sitara anauliza kwa nini barua fupi hivi nimeiandika tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nimemwambia matusi mazuri yanataka utulivu.

Uwesu


Kariakoo
17 Oktoba 2024

Uwesu mla chaki,

Barua imefika, na kwa mara ya kwanza hainuki. Moyoni nilijua ni mwanafunzi. Ile kumfunika kwa doti ndiyo iliyonithibitishia, maana mambo hayo ni yangu, wewe usingeweza kuyatunga hata ukipewa miaka mia.

Nimemsomea Ummy kwa sauti akiwa anachambua mchicha. Nilipofika kwa muuaji aliniomba nirudie, nikarudia, akaacha mchicha akaenda kujifungia chumbani. Nimemgongea, hajibu. Watu wananizunguka hapa siku hizi, binamu. Daktari, Allen, hata mwanangu niliyemzaa. Nikiingia wananyamaza, nikiuliza wananipa chai. Namshukuru Mungu amenibakishia mtu mmoja asiyeweza kunidanganya.

Kesho asubuhi naanza sura ya mwisho.

Binamu yako,
Sabaha